Wa Nne

Alfajiri Nyamwamba unaburura mawe yake nyuma ya nyumba
nami nalala nikisikiliza, pazia zito dirishani,
kwa sababu mwanga, tangu ajali, una meno.
Mama anaingia na uji. Haniulizi nimeamkaje.
Ananiuliza: "Wa kwanza?"

Masika.
"Wa pili?"
Biira.
"Wa tatu?"
Hapo natabasamu, maana wa tatu ni mimi,
Kabugho, karani wa mizani katika ghala la kahawa,
niliyekuwa nikijumlisha magunia arobaini kichwani
kabla mwenye mali hajamaliza kufuta jasho.
Arobaini: ndivyo wanavyosema. Mimi naamini tu.

"Wa nne?"

Ukungu.
Mama anakoroga uji ambao hauhitaji kukorogwa.

Sisi Wakonzo tulipewa hesabu pamoja na majina,
binti baada ya binti, kila mmoja na zamu yake.
Mama aliliona hilo kabla ya daktari:
tarakimu zilipomwagika barabara ya Kilembe
pamoja na kiatu changu cha kushoto na taa ya pikipiki,
huenda watu walibaki.
Basi tunaokota kwa njia hiyo.

Wageni huja na ndizi na methali.
Bandu bandu huisha gogo, Kabugho.
Mwenda pole hajikwai.
Nawashukuru. Wakishaondoka namwambia Mama
aliyeyasema hayo hakuwahi kutafuta mchana kutwa
jina la kitu cha kulia uji.
Juzi nilikiita mlango.
"Nipe mlango," nikasema, na mtoto wa Biira
akaenda, akaufungua, akasimama kando yake akingoja.
Nililia, nikautupa ukuta matusi yangu yote
(matusi hayakupotea hata moja).
Nilipofuta macho yeye bado ameushika,
kifua mbele kama mlinzi wa benki.
Nikacheka hadi kovu likaniuma.

Usiku ndio mrefu.
Usiku nakumbuka jinsi nilivyokuwa mwepesi.

Lakini Bwambale wa ghalani alipita na salamu:
kiti changu, anasema, anakikalia upande mmoja,
upande wa pili ameuacha.
Sijui kama ni kweli. Bwambale ni mnene.
Nililichukua hata hivyo lile neno,
nikalipima gizani, kwa mazoea ya kazi.
Halikufika robo kilo.
Ila mshale wa mizani ulitikisika.

Ijumaa akaja mtu kutoka Bwera
na furushi la sombe, ndala zimelowa.
Mama alimkataza kujitaja, niliona kwa midomo yake iliyofungwa.
Akaketi kitandani, akaninusa utosi kama ninavyomnusa mtoto,
akaanza kusuka nywele zilizoota upya,
akizunguka kovu kama mtu anayelimia kando ya kaburi.
Vidole vyake baridi. Kucha ya kidole gumba imepasuka;
nilikuwapo siku ile, tulikuwa tunatwanga,
mchi ulikuwa mkononi mwangu,
alinifichia kwa Baba, alisema ni jiwe,
alisema ni jiwe, huyu,

Mbambu.

Nililisema nikiyatazama majani, si yeye.
Kitana kikaanguka.
Kule jikoni sufuria ikanyamaza,
na sauti ya Mama, ikijifanya haina haraka:
"Wa ngapi?"

Nilikaa nalo mdomoni kidogo. Lilikuwa na ladha.

"Wa nne."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mbambu aliokota kitana,
akaendelea alipoachia, akavuta kwa nguvu kuliko lazima.
Tulikula sombe. Kijiko nilikiita kijiko,
kisha, baada ya chai, nikakiita ngazi.

Jumatatu naenda kliniki. Muuguzi wa pale ni Ithungu,
najua hilo, limeandikwa kifuani mwake,
kwa hiyo tano nimeshaiona sura, bado kushikana mikono.
Baada ya hapo nyumba yetu haina binti mwingine.
Sita italazimika kuja yenyewe,
bila jina, kwa miguu,
na mlango, mwanangu, uache vile vile.